Kiti cha Kubebwa Mgongoni: Ulingo wa Wapiga Upinde wa Marekani

Desturi ya kuvizia mnyama kutoka juu ya mti ni kongwe mno kiasi kwamba hakuna taifa linaloweza kudai kuwa ndilo lililoianzisha, lakini umbo la kikao anachokalia mwindaji huko juu limetofautiana kutoka nchi hadi nchi kwa sababu ambazo mara nyingi hazikuhusu mnyama wala silaha. Ulingo, yaani jukwaa lililoinuliwa ili mtu aone mbali bila yeye kuonekana, husimama juu ya ardhi ya mtu fulani. Mwenye ardhi hujenga kwa mbao na misumari na kuliacha jengo lake hapo mwaka hadi mwaka, ilhali asiye na ardhi hulazimika ama kuomba, ama kukodi, ama kubuni kikao anachoweza kuingia nacho porini alfajiri na kutoka nacho jioni. Ulingo wa kupandia, ambao ni kifaa cha chuma au alumini kinachobebwa mgongoni na kumwezesha mtu kupanda shina la mti bila ngazi wala msumari, ulienea Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, na historia yake hueleweka vizuri zaidi katika historia ya ardhi ya nchi hiyo kuliko katika orodha ya wavumbuzi.

Mifano ya watu waliojenga wakatulia ipo mingi. Katika mashamba ya mpunga na mahindi ya Afrika Mashariki mkulima husimamisha dungu juu ya nguzo ili mlinzi, ambaye mara nyingi ni kijana au mtoto, awafukuze ndege, nyani na nguruwe mwitu kwa kelele na kombeo, na dungu hilo hudumu kadiri mazao yanavyodumu shambani. Nchini India ulingo wa kuwindia uliofungwa kwenye matawi uliitwa machan, na katika enzi ya utawala wa Waingereza kazi ya kuufunga ilikuwa ya wanakijiji na watumishi, si ya mwindaji mwenyewe. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa wanyama wala watu, alimuua chui wa Rudraprayag mwezi Mei 1926 akiwa kwenye machan iliyokuwa juu ya mwembe mahali paitwapo Gulabrai. Corbett huyohuyo alihamia Kenya mwaka 1947 akaishi Nyeri, na Februari 1952 alikuwapo Treetops, nyumba ya wageni ambayo Eric Sherbrooke Walker aliijenga mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, usiku ambao Mfalme George VI alifariki huko Uingereza na binti yake Elizabeth, aliyekuwa mgeni wa nyumba hiyo, akawa malkia. Treetops ilikuwa machan iliyokuzwa na kutandikwa vitanda, wageni wakikaa kimya kuwatazama tembo na vifaru waliovutwa na maji na chumvi. Mwaka 1954 ilichomwa moto wakati wa vita vya Mau Mau, vita ambavyo dai lake kubwa lilikuwa ardhi, na ni vigumu kufikiria jengo lililoeleza kwa uwazi zaidi nani alikuwa ameketi juu na nani alikuwa ameachwa chini.

Ujerumani inatoa mfano wa kisheria ulio safi zaidi. Baada ya mapinduzi ya 1848 haki ya kuwinda iliondolewa mikononi mwa watawala na kufungamanishwa na umiliki wa ardhi, na kwa kanuni iliyodumu hadi leo mwenye eneo lisilokatika la hekta 75 au zaidi huwa na eneo lake la kuwindia, huku wenye vipande vidogo wakiunganishwa katika ushirika unaokodisha haki hiyo kwa miaka mingi. Mpangaji wa namna hiyo hana haraka. Hujenga kibanda cha mbao chenye ngazi, paa na dirisha pembezoni mwa msitu, akakirithisha kwa atakayemfuata. Vibanda hivyo vinaonekana hata kutoka kwenye treni. Upinde haumo katika picha hiyo, kwa sababu sheria ya Ujerumani inakataza kuwapiga mishale wanyama wenye kwato.

Marekani ilifuata njia tofauti. Wanyama wa porini walihesabiwa kuwa mali ya umma inayosimamiwa na kila jimbo kwa niaba ya watu wake, msimamo ambao Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliutamka katika hukumu ya Geer dhidi ya Connecticut mwaka 1896. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1979 kwa sababu zilizohusu biashara kati ya majimbo, lakini wazo la wanyama kuwa amana ya umma lilibaki kuwa msingi wa usimamizi wa wanyamapori. Mwaka 1911 sheria iliyopewa jina la mbunge John Weeks iliiruhusu serikali ya shirikisho kununua misitu iliyokwisha kukatwa katika upande wa mashariki, ili kulinda vyanzo vya mito, na maeneo hayo yakawa misitu ya taifa. Matokeo yake ni kwamba fundi wa magari au mfanyakazi wa kiwanda asiyemiliki hata mti mmoja aliweza kununua leseni ya bei nafuu na kuingia kihalali katika msitu mkubwa, ambako mnyama alikuwa wake sawasawa na alivyokuwa wa tajiri. Kitu kimoja tu alinyimwa, nacho ni ruhusa ya kujenga. Kanuni za ardhi nyingi za umma zilikataza kupigilia misumari kwenye miti, kwa kuwa msumari uliomezwa na shina huharibu mbao na huvunja meno ya msumeno kiwandani miaka mingi baadaye, na zile za makampuni ya mbao yaliyokodisha misitu yao kwa vikundi vya wawindaji zilikuwa kali vilevile kwa sababu hiyohiyo.

Mnyama aliyewindwa zaidi katika misitu hiyo ni kulungu wa mkia mweupe, ambaye dume lake huwa na pembe zenye matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji wa kibiashara na ukataji wa misitu ulikuwa umewapunguza kulungu hao hadi kufikia makadirio ya takriban 500,000 katika nchi nzima. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, iliyozuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo nyama ya porini iliyopatikana kinyume cha sheria, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi ulioelekezwa mwaka 1937 kugharimia uhifadhi, na kazi ya kuwahamishia kulungu hai katika wilaya walimotoweka, viliwarejesha kwa wingi usiotarajiwa. Makadirio ya miaka ya karibuni yanawataja kulungu wapatao milioni 30. Bila ongezeko hilo kusingekuwa na msimu wa upinde wala haja ya ulingo, kwa maana mtu anayekaa kimya juu ya mti mmoja hutegemea mnyama amjie, na mnyama huja tu pale walipo wengi.

Upinde wenyewe ulikuwa umerudi kwa njia ya pembeni. Mwaka 1911 Ishi, mtu wa mwisho wa jamii ya Yahi ya California, alijitokeza katika mji wa Oroville baada ya watu wake kuangamizwa, akaishi miaka yake ya mwisho katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga upinde na kuvizia, akaandika kitabu mwaka 1923 kilichowavuta Wamarekani wengi, na mwaka 1925 akasafiri pamoja na Arthur Young hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Pope alikuwa mtu wa kunyemelea kwa miguu, kama alivyofundishwa. Jimbo la Wisconsin lilipofungua mwaka 1934 msimu wa kwanza wa kulungu uliotengewa upinde peke yake, wachache walioingia porini walifanya vivyo hivyo, na mavuno yao yalikuwa madogo sana.

Sababu ya uchache huo si ugumu wa kulenga tu. Mshale wa mwindaji huwa na maana katika umbali wa mita 20 au 30, na katika umbali huo kulungu, mwenye macho yaliyo kando ya kichwa na pua inayonasa harufu ya mtu kutoka mbali zaidi ya hapo, humwona mwindaji anapoinua mkono kuvuta uzi. Mwenye bunduki huvuta kifyatulio kwa kidole; mwenye upinde hulazimika kusogeza mkono, bega na kiwiko mbele ya macho ya mnyama. Aliye mita sita juu ya ardhi hupunguza tatizo hilo kwa namna mbili, kwani kulungu hatazami juu kwa urahisi na harufu mara nyingi hupita juu ya kichwa chake kabla haijashuka. Katika jimbo la Michigan wapiga upinde waliruhusiwa kupanda miti miaka mingi kabla ya wenye bunduki kupewa ruhusa hiyo, tofauti iliyokiri kwamba kwa upinde urefu ulikuwa sehemu ya silaha.

Kilichogeuza mchezo wa wachache kuwa desturi ya mamilioni kilikuwa upinde wa roda. Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake mwishoni mwa mwaka 1969 kwa upinde ambao ncha zake zina magurudumu madogo yanayozunguka kwenye ekseli isiyo katikati, ambayo hupunguza uzito wa uzi unapofika mwisho wa kuvutwa, hivi kwamba mpigaji anaweza kushikilia mvuto kamili kwa muda mrefu akisubiri mnyama ageuke ubavu. Mtu asiye na mafunzo ya miaka mingi aliweza sasa kujifunza kati ya msimu mmoja na mwingine. Wapiga upinde waliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1970, wengi wao wakiwa watu wa mjini na wa viwandani wanaotegemea ardhi ya umma na ya kukodi, na soko la kikao chepesi cha kubeba likafunguka wakati huohuo.

Kifaa cha kwanza kilichoenea sana kilijulikana kwa jina la Baker, nacho kilikuwa sahili kiasi cha kushangaza. Kilikuwa jukwaa dogo la mbao lenye fremu ya chuma iliyozunguka shina. Mwindaji aliingiza miguu kwenye kamba za jukwaa, akalikumbatia shina kwa mikono na kifua, akainua magoti pamoja na jukwaa, kisha akakanyaga. Uzito wake ulilisukuma jukwaa lielekee chini kwa mbele, fremu ikabana shina kwa nyuma na ukingo wa jukwaa ukaligandamiza kwa mbele. Kanuni hii ndiyo inayotumika hata katika vifaa vya leo, na inafaa ielezwe taratibu kwa sababu ndani yake mna faida na hatari kwa pamoja: kinachokishikilia kifaa ni uzito wa mtu anayesimama mbali na shina, na uzito huo ukiondoka, au ukisogea karibu mno na shina, mbano hulegea. Kupanda kwenyewe hutegemea kulegea huko, maana bila hivyo jukwaa lisingeinuka. Kwa hiyo mashine iliyomwinua mtu na mashine iliyoweza kumwangusha zilikuwa kitu kimoja, na juu ya gome laini au lililolowa tofauti kati ya hatua na anguko ilikuwa ndogo. Waliopanda kwa kukumbatia walijua maana ya kuteleza wakiwa wamelikumbatia shina, ngozi ya kifua na ya mikono ikibaki kwenye gome.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kuongeza kipande cha pili. Katika muundo uliotawala tangu hapo, kipande cha juu, ambacho ni fremu au kiti, na kipande cha chini, ambacho ni jukwaa la miguu, kila kimoja hulishika shina kwa waya au mkanda wake. Mwindaji huegemea cha juu na kuinua cha chini kwa miguu, husimama juu ya cha chini na kuinua cha juu, na huendelea hivyo kama kiwavi. Baadhi ya vifaa humtaka mtu ajinyanyue kwa nguvu za mikono, na hivi ndivyo vyepesi zaidi. Vingine humruhusu aketi kabisa kwenye kiti cha juu kila anapoinua miguu, na ndivyo vinavyomfaa mtu wa makamo au mwenye mwili mkubwa, ingawa huongeza uzito wa mzigo hadi kukaribia au kuzidi kilo tisa. Vipande viwili vilileta ajali ya aina yake. Jukwaa la chini likichomoka na kudondoka huku mwindaji akiwa ameketi juu, mtu huyo hubaki akining'inia mita sita hewani bila njia ya kushuka, na ndiyo sababu kamba fupi inayounganisha vipande viwili, kitu cha senti chache ambacho wengi walikidharau, ikawa sharti katika maelekezo ya watengenezaji.

Miti nayo ilichangia kuamua ni wapi kifaa hiki kingeshamiri. Ulingo wa kupandia huhitaji shina lililonyooka lisilo na matawi hadi urefu wa kukaa, na shina la aina hiyo ndilo linalopatikana kwa wingi katika mashamba ya misonobari ya kusini, katika majimbo kama Georgia na Alabama, ambako makampuni ya mbao yalipanda miti kwa safu na kukodisha ardhi. Miti mingine hukataa. Gome la aina ya hikori linaloitwa shagbark huning'inia kwa vipande vinavyobanduka vikibanwa, na mti uliokufa hauaminiki hata kidogo. Kwa kuwa shina hupungua unene kadiri linavyopanda, mjuzi hufunga jukwaa chini likiwa limeinuka kwa mbele, akijua kwamba litalala sawa litakapofika juu. Asiyejua hulifunga likiwa sawa chini, na akifika juu hujikuta amesimama kwenye mteremko, jambo ambalo hugunduliwa mahali ambapo ni pagumu kulirekebisha.

Kwa mwili wa binadamu, anguko la mita sita huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja na huishia kwenye mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Mwaka 1989 kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichapisha taarifa kuhusu majeraha ya wawindaji wa kulungu katika jimbo la Georgia kwa miaka iliyotangulia, na zaidi ya theluthi moja ya majeraha hayo yalihusiana na vikao vya mtini. Taarifa hiyo iliwasumbua waliozoea kudhani kwamba hatari ya porini ni risasi ya mwenzako. Madaktari wa mifupa walikuwa wakiona uti wa mgongo uliovunjika, na wengi wa waliovunjika hawakuwa wameanguka wakiwa wametulia kitini bali wakiwa wanapanda, wanashuka, au wanahama kutoka kifaa hadi kifaa, yaani katika dakika ambazo mkanda wa usalama ulikuwa bado mfukoni.

Mkanda wenyewe una historia isiyopendeza. Kwa muda mrefu kinga pekee ilikuwa mkanda mmoja uliofungwa kiunoni au kifuani, wa kufungwa baada ya kufika juu. Mkanda wa kiuno ulizuia mtu asifike chini, lakini ulimwacha akining'inia kichwa kikielekea ardhini au ukapanda hadi mbavuni na kuzuia pumzi, na mtu aliyekuwa peke yake msituni angeweza kufia kwenye kitu alichokivaa ili kimwokoe. Chama cha watengenezaji wa vifaa hivi nchini Marekani, pamoja na taasisi ya viwango ya ASTM, viliweka vipimo vya pamoja vya uzito, uimara na mshiko wa jukwaa kwenye shina, na kufikia katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 21 mikanda ya mwili mzima, inayopita mabegani na mapajani kama ile ya mafundi wa minara, ilikuwa imechukua nafasi ya mkanda mmoja na kutiwa ndani ya kila boksi la ulingo uliothibitishwa na chama hicho. Hatua hiyo ya kibiashara, ambayo haizungumzwi sana, pengine ilifanya zaidi ya mafunzo yote, kwa sababu ilimwondolea mnunuzi mwenye fedha kidogo uamuzi wa kuchagua kati ya kiti na uhai wake. Hata hivyo mikanda hiyo huchakaa kwa jua na jasho, na watengenezaji wengi huiwekea ukomo wa miaka 5, hivyo ulingo wa mtumba unaouzwa kwa bei ya chini pamoja na mikanda yake ya zamani ni rahisi kwa macho tu.

Mikanda ya mwili mzima nayo ilionyesha hatari mpya, kwani mtu anayening'inia bila kusogeza miguu hubanwa mapajani, damu ikajikusanya chini na mwili ukalegea ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo uliongezwa utepe wa kukanyaga ili kupunguza mbano huo. Kutoka kwa wapanda milima kilikuja kifundo cha Prusik, kilichopewa jina la Karl Prusik wa Austria aliyekieleza mwaka 1931, ambacho huteleza juu ya kamba nene kinaposukumwa kwa mkono na hukamata papo hapo kinapovutwa na uzito. Kamba ndefu iliyofungwa juu ya mti na kufika chini, ikiwa na kifundo hicho kilichounganishwa na mikanda, humlinda mtu tangu unyayo wake unapoacha ardhi, lakini inalifaa jengo linaloachwa mtini; kwenye ulingo wa kupandia, ambako mtu huanza kila siku na mti mpya, hakuna aliyetangulia kwenda juu kuifunga, na mwindaji hulazimika kusogeza kitanzi chake cha usalama hatua kwa hatua. Hapo ndipo asiye na ardhi anapolipia tofauti yake na mwenye nayo, hata wakiwa wamenunua vifaa vya ubora mmoja.

Katika miaka ya karibuni sehemu ya wapiga upinde wa ardhi ya umma wameuacha ulingo wa chuma na kuhamia kwenye kiti cha mikanda, yaani kitambaa kipana kinachozunguka makalio na kumning'iniza mwindaji kwa kamba akiwa ameelekea shina, miguu ikitua kwenye kibao kidogo. Wazo lake si jipya, kwani vifaa vya namna hiyo vilikuwapo katika miaka ya 1980 bila kupata wafuasi wengi. Uzito wake ni sehemu ndogo ya uzito wa ulingo, kiti chenyewe hakijali matawi wala kupinda kwa mti, na mtu huwa amefungwa muda wote anaokaa, kwa sababu kamba ileile iliyokuwa ya uokoaji ndiyo sasa kiti. Kupanda hadi hapo, hata hivyo, hufanywa kwa vipande vya ngazi vinavyofungwa kwenye shina kwa mikanda, na mamlaka za misitu katika majimbo mbalimbali zimeendelea kuandika kanuni kuhusu vipande hivyo kama zilivyoandika kuhusu misumari: vifungwe bila kutoboa gome, viandikwe jina au namba ya mwenyewe, na katika maeneo mengine vishushwe kila jioni.